Uzi: Narudi Tanga na lisi ya gari ina miezi 14. Nimwachie shemeji au nihamishe mkataba?

Mgosi_Houston:

Wakuu, habari za majukumu.

Nina gari la lisi, yaani la kukodi kwa mkataba mrefu, hapa Houston, Marekani, SUV ndogo, mkataba wa miezi 36. Nalipa dola 389 kwa mwezi, ruhusa ni maili 12,000 kwa mwaka. Imebaki miezi 14, na mimi mwezi wa nane narudi Tanga moja kwa moja, siyo likizo. Nimepita yadi niliyochukulia gari, jamaa akanipigia hesabu chapchap: lipa miezi yote iliyobaki, weka na ada ya kurudisha gari, acha funguo. Hiyo ni dola 5,446 kabla ya ada. Nikamwambia ngoja nikajipange.

Sasa shemeji yangu yuko hapa hapa mjini, hana usafiri. Anasema nimwachie gari, kila mwezi atanitumia hela, mimi naendelea kuilipa kampuni kama kawaida. Mke wangu ameshaafiki. Mimi roho inasita. Nasikia kuna utaratibu wa kumhamishia mtu mkataba kihalali. Aliyewahi kuupitia anipe mwongozo. Odometa inasoma 19,400 na bodi iko safi.

Kobe_wa_Kisiwandui:

Ukimkatalia shemeji jiandae na kikao cha ukoo. Ukimkubalia jiandae na barua za kampuni ya fedha. Kikao angalau watu hupewa chai.

Karani_wa_Yadi:

Mgosi, kazi yangu ni dawati la fedha kwenye yadi ya magari, jimbo jingine siyo lako. Nikupe picha ilivyo.

Kwanza, gari siyo lako na siyo la yadi. Ni la kampuni ya fedha ambayo jina lake liko kwenye bili yako ya kila mwezi. Yadi walikuandikia mkataba, wakaupeleka kwa kampuni, wakachukua chao wakamaliza. Huyo jamaa hajakudanganya, ila hana anachopata ukihamisha mkataba, ndiyo maana hakukutajia. Piga simu kampuni ya fedha, achana na yadi.

Kabla ya kupiga, toa mkataba wenyewe kabatini usome sehemu mbili. Moja ni ile ya kuvunja mkataba kabla ya wakati. Sheria ya shirikisho ya lisi ya 1976 inawalazimisha waeleze masharti hayo kwa maandishi, pamoja na onyo kwamba kadiri unavyovunja mapema ndivyo gharama inavyoelekea kuwa kubwa. Ya pili ni ibara ya kuhamisha mkataba kwa mtu mwingine. Hapo kampuni zinagawanyika. Wapo wanaokataa kabisa. Wapo wanaoruhusu, mtu mpya anaingia na wewe unatoka jumla. Na wapo wanaoruhusu, mtu mpya anaingia, lakini wewe unabaki nyuma yake kama mdhamini mpaka siku gari linarudishwa. Hao wa mwisho ndio wanaowaponza watu, kwa sababu karatasi zinasainiwa, tabasamu kila kona, kumbe akiacha kulipa mwezi wa tano wanakutafuta wewe.

Kwa hiyo ukipiga simu usiulize "je, mnaruhusu kuhamisha?" ukaridhika na ndiyo. Uliza hivi: "Baada ya kuhamisha, mimi nina wajibu gani uliobaki?" Na jibu walitume kwa barua pepe. Mtu wa huduma kwa wateja kwenye simu anaweza kukwambia lolote.

Uliza pia: ada ya kuhamisha ni kiasi gani, mtu mpya anatakiwa awe na krediti (rekodi ya kulipa madeni) ya namna gani, lazima awe jimbo hilo hilo au popote, na je kuna miezi ya mwisho ambayo hawaruhusu. Kampuni nyingi hufunga mlango mkataba ukibakiza miezi michache, kwa hiyo kama unataka kufanya, fanya sasa, usingoje mwezi wa nane.

Bibi_Ubungo:

Samahani jamani, mimi niko Dar nasoma tu. Yaani mtu analipa miaka mitatu, halafu gari anarudisha?

Karani_wa_Yadi:

Ndiyo mama. Analipia kuchakaa kwa gari pamoja na riba, basi. Mwisho anaweza kulinunua kwa bei iliyoandikwa kwenye mkataba tangu siku ya kwanza, au anarudisha.

Bibi_Ubungo:

Bora vijana wetu wa bajaji za mkataba. Anatoa hesabu kila siku, jasho linamtoka, lakini siku ikiisha kadi inakuja jina lake. Endeleeni, naburudika.

Kijana_wa_Minneapolis:

Karani, hao watu wa kuchukua mkataba wanapatikana wapi? Na kwa nini mtu achukue gari lililokwishatumika wakati yadi imejaa mapya?

Karani_wa_Yadi:

Kuna tovuti za kazi hiyo, kongwe ni Swapalease na LeaseTrader. Unalipia tangazo, unaweka picha, malipo ya mwezi, miezi iliyobaki na maili zilizobaki. Watu wanakutafuta. Ila elewa: tovuti ni ubao wa matangazo tu. Anayeamua nani anachukua gari ni kampuni ya fedha, na mtu mpya lazima aombe kwao na akaguliwe krediti.

Kwa nini achukue? Kwa sababu wewe ulishatoa kianzio na ada za mwanzo, yeye hatoi. Na anapata mkataba mfupi. Daktari aliyekuja kwa mwaka mmoja, mwanafunzi anayemaliza, mtu anayesubiri nyumba yake ikamilike ndipo anunue gari la maana, hawa hawataki kufungwa miezi 36. Mwenye gari la umeme alilochukua kabla ya Septemba 30, 2025 ana bahati zaidi. Wengi wa hao lisi zao zilishushwa na ile nafuu ya kodi ya dola 7,500 ambayo imeshafutwa, kwa hiyo malipo yao ya mwezi yanaweza kuwa ya chini kuliko utakayopewa leo kwa gari kama lile.

Mgosi, kwako silaha ni maili. Mkataba wako wote ni maili 36,000. Umetumia 19,400, zimebaki 16,600 kwa miezi 14. Hiyo ni karibu maili 1,185 kwa mwezi, zaidi ya zile 1,000 za kawaida yako. Iandike juu kabisa ya tangazo. Watu wanaojua lisi wanaangalia hiyo kabla hawajaangalia rangi.

Bado pengine itabidi uongeze motisha. Ukimpa anayechukua dola 1,000 mkononi, kwake yeye ni kama analipa 318 kwa mwezi badala ya 389. Weka na ada ya kampuni na tangazo, tuseme jumla umetoa 1,500. Linganisha na 5,446 za jamaa wa yadi.

Kobe_wa_Kisiwandui:

Hapa ndipo Wazungu wananichanganya. Kariakoo ukimwachia mtu fremu, yeye anayeingia anakupa kilemba. Huku wewe unayetoka ndiye unatoa kilemba!

Karani_wa_Yadi:

Kwa sababu fremu ya Kariakoo inagombewa. Lisi yako inagombewa mara chache, labda uwe umeipata kwa bei ya kutupa.

Dada_wa_Columbus:

Niongezee njia nyingine kabla Mgosi hajatoa hata senti. Omba kampuni ya fedha ikupe bei ya kulinunua gari leo, yaani kulimaliza deni lote. Halafu peleka gari kwa wanunuzi wa magari yaliyotumika, wakupe makadirio. CarMax kwa mfano wanakukadiria bure na bei yao inasimama siku 7. Kama soko linatoa zaidi ya deni, huna haja ya kumtafuta mtu. Soko likitoa pungufu kidogo, pengine kulipa hiyo tofauti ni rahisi kuliko miezi ya kuhangaika na matangazo.

Tahadhari moja. Tangu 2021, bei za magari yaliyotumika zilipopaa, kampuni nyingi za fedha zilikataza kumuuzia mtu wa tatu moja kwa moja, au zinampa bei ya juu kuliko yako. Hapo inabidi ununue wewe kwanza, ulipe kodi, usubiri hati ya umiliki, ndipo uuze. Mgosi na tiketi yake ya mwezi wa nane sidhani kama ana muda huo.

Mgosi_Houston:

Asante dada. Nimeomba bei: deni lote ni 24,900. Makadirio niliyopata ni 22,700. Tofauti 2,200, na wamenithibitishia kwamba mtu wa tatu hawamuuzii. Kwa hiyo kuhamisha bado ni nafuu.

Sasa turudi kwa shemeji. Tuseme ukweli, kama jamaa ni mwaminifu na analipa kila mwezi, tatizo liko wapi? Mimi niko Tanga, krediti ya Marekani naifanyia nini?

Karani_wa_Yadi:

Nilijua utarudi hapo. Watu wetu wengi huishia hapo, na sababu yake ninaielewa: ndugu amekuja juzi, hana historia ya krediti, kila yadi inamgeuza. Wewe una gari usilolihitaji. Kwa akili ya ukoo, mambo yamekamilika. Lakini angalia kinachotokea barabarani.

Gari linasomeka kwa jina la kampuni na mkataba ni wako. Shemeji akipita kwenye barabara ya kulipia tozo bila kulipa, au kamera ikimpiga picha, barua inaanzia kwa kampuni. Mara nyingi kampuni inalipa, inaongeza ada yake, inakurushia wewe bili. Wewe uko Tanga, barua inakwenda kwenye anwani ya Houston uliyohama.

Bima ndiyo mbaya zaidi. Bima imeandikwa kwamba wewe unaishi anwani fulani, unalaza gari hapo, na madereva ni hawa. Shemeji akigonga mtu, mchunguzi wa bima swali lake la kwanza ni mwenye bima yuko wapi. Jibu: Afrika, tangu mwezi wa nane. Hapo wanaweza kugoma kulipa, na mtu aliyegongwa hana sababu ya kukusamehe.

Halafu mkataba. Karibu mikataba yote ya lisi inakataza kumkabidhi mtu mwingine gari bila idhini ya maandishi. Kampuni ikijua inaweza kulifuata gari na kukudai kana kwamba umevunja mkataba. California ina vifungu kabisa vya jinai dhidi ya madalali wanaohamisha magari ya lisi bila idhini. Shemeji siyo dalali, ila upate picha jambo lenyewe linavyochukuliwa.

Kuhusu krediti: malipo yakichelewa zaidi ya siku 30 yanaweza kuripotiwa, na alama hiyo inakaa hadi miaka 7. Kama una kadi ya kijani (kibali cha kuishi Marekani moja kwa moja), kama mke anabaki, kama mtoto atakuja kusoma na atahitaji mtu wa kumsainia pango, miaka 7 ni mingi.

Mama_Twins_Mombasa:

Na mimi niseme la shemeji kama shemeji. Mwaminifu leo, kesho kazi imekwisha, au mtoto anaumwa. Hajakuwa mwizi, ni maisha tu. Utamdai vipi kaka wa mkeo ukiwa Tanga na mkeo kakaa ubavuni mwako? Deni la ndugu halina mahakama.

Sajini_254:

Niaje wadau. Kwa wenye wako jeshini kama mimi, na Wakenya tuko wengi, msihangaike na matangazo ya kuhamisha kabla hamjaangalia SCRA, sheria ya Marekani ya kuwalinda wanajeshi. Ukiwa umesaini lisi halafu upate amri ya kwenda nje kikazi kwa siku 180 au zaidi, ama uhamishwe kituo kutoka bara la Marekani kwenda nje, unaruhusiwa kuvunja lisi bila faini ya kuvunja. Unaandika barua, unaambatanisha nakala ya amri, na gari unalirudisha ndani ya siku 15 baada ya kupeleka hiyo barua. Bado unalipa malimbikizo kama yapo, pia maili za ziada na uharibifu, lakini ile hesabu ya miezi yote iliyobaki hawaruhusiwi kukubebesha. Nenda kwa ofisi ya sheria ya kambi, ni bure, wakuandikie barua vizuri.

Kuna vijana wanapata amri wakiwa na lisi ya Dodge Charger, wanaanza kutafuta mtu wa kumwachia. Huo ni ujinga, samahani.

Kijana_wa_Minneapolis:

Mimi yangu ni kinyume cha Mgosi. Miezi 36, maili 10,000 kwa mwaka. Nimefika 27,800 na bado miezi 10. Nani atachukua?

Karani_wa_Yadi:

Hesabu yako ni kali. Zimebaki maili 2,200, yaani 220 kwa mwezi. Mtu anayeendesha 1,000 kwa mwezi atazidisha 7,800. Angalia mkataba wako wanatoza senti ngapi kwa maili. Kama ni 25, hiyo ni dola 1,950, na yeyote mwenye kikokotoo atataka umpe takriban hiyo ndipo achukue.

Ila kuna kitu watu husahau: maili za ziada hutozwa ukirudisha gari. Ukilinunua mwisho wa mkataba kwa ile bei iliyoandikwa, hakuna anayehesabu maili. Kama ni gari linalodumu na bei yake ya mwisho ni ya haki, huenda kwako jibu ni kukaa nalo na kulinunua.

Kaka_Toronto:

Kwa walioko Kanada mambo yanafanana, isipokuwa tunahesabu kilomita na ubao wetu mkubwa ni LeaseBusters. Niliyechukua mkataba ni mimi, siyo niliyeuacha, kwa hiyo niwaambie upande wa pili. Anayechukua anarithi kila kitu. Mikwaruzo ya aliyetangulia, matairi yaliyoisha, funguo ya pili iliyopotea, vyote mwisho vitadaiwa kwake. Nililikagua gari mchana, siyo usiku. Nikapiga magoti mbele ya kila rimu, nikapitisha kidole kwenye kingo kutafuta palipokwanguliwa na ukingo wa barabara, nikasimama pembeni ya kioo cha mbele mahali jua linapomulika mpasuko mdogo uonekane. Nikadai funguo zote mbili na risiti za huduma. Mwenye gari alinuna, nikamwambia nuna tu, ila funguo ya pili sitaki kuilipia mimi.

Kwa hiyo Mgosi, wewe unayeacha, andaa hivyo vitu kabla hujaombwa. Gari lenye risiti na funguo mbili linaondoka haraka.

Mgosi_Houston:

Wakuu, mrejesho. Kampuni wanaruhusu, na wameniandikia kwa barua pepe kwamba baada ya kuhamisha sibaki na wajibu wowote. Ada yao iko kwenye mamia ya dola, siyo maelfu. Shemeji aliomba rasmi, wakamkataa kwa sababu ya krediti. Nashukuru wamemkataa wao, siyo mimi.

Sasa nikimpata mtu, siku ya kukabidhiana nafanya nini hasa?

Karani_wa_Yadi:

Shemeji mwambie achukue kadi ya benki ya kuweka dhamana, dola mia mbili tatu, aitumie na kuilipa yote kila mwezi. Baada ya muda milango itaanza kufunguka.

Siku ya kukabidhiana: usitoe funguo mpaka kampuni ikutumie barua yenye tarehe mkataba unapohamia kwa mtu mpya. Maombi kukubaliwa bado siyo kuhamisha, na watu huchanganya hapo. Piga picha odometa, kona nne, matairi na viti, nyote wawili mkiwepo, na mwandikiane karatasi fupi yenye saa na maili. Toa kifaa chako cha tozo kwenye kioo, kisipotoka utalipia barabara za mwenzako. Futa simu yako kwenye redio ya gari, anwani ya nyumbani, na kitufe cha geti. Apu ya gari nayo ondoa akaunti yako, maana ukiiacha utakuwa unaona gari la mtu lilipoegeshwa ukiwa Tanga. Pleti na usajili kila jimbo lina lake, na kodi vilevile, kampuni itawaambia. Malipo ya moja kwa moja benki usiyasimamishe mpaka tarehe ya barua ipite, na bima vivyo hivyo. Motisha yako mpe siku hiyo hiyo, siyo kabla, kwa hundi ya benki ili ibaki na kumbukumbu.

Mgosi_Houston:

Imeeleweka mkuu. Tangazo naliweka wikendi hii. Kama kuna mdau Houston, San Antonio au Austin ana krediti nzuri na anataka SUV ya 389 kwa mwezi, miezi 14, maili 16,600, funguo mbili na risiti zote, anitumie ujumbe hapa kabla sijawalipa watu wa tovuti.

Kobe_wa_Kisiwandui:

Na kilemba cha dola elfu moja, usisahau kukitaja.